Wimbo Wangu, Jina la Generosa

Katekista Alois alimaliza kusoma majina ya wagonjwa wa kuombewa, akaipandisha miwani yake puani, akakohoa, kisha akalitangazia kanisa zima la kigango chao pale Masumbwe kwamba, kwa tangazo la pili, kijana Jilala anatarajia kufunga ndoa takatifu na binti Generosa.

Benchi la vijana likaanza kutikisika kwa kicheko, kikahamia kwa wanakwaya, na mama mmoja mzima na akili zake akajifunika kanga usoni mabega yakimcheza.

Febronia alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa wanawake, ndani ya kitenge alichokishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Aliyekuwa anaolewa na Jilala ni yeye. Generosa hakuwa hata muumini wa kigango kile.

"Samahani, ndugu waamini, samahani sana," Alois alihangaika na karatasi yake. "Ni Febronia. Febronia! Ni huu wimbo, jamani, wajukuu wanauimba kutwa nyumbani, umenikaa mdomoni." Kwa kujitetea hivyo akawa amemwaga petroli motoni, maana sasa hata wazee walicheka.

Shangazi Euphrasia, aliyemlea Febronia tangu mama yake afariki, alitembea mbele njia nzima. Alisubiri mpaka wamefika nyumbani, amevua viatu, amekunywa maji.

"Umesikia lakini?" aliuliza.

"Ulimi hauna mfupa, shangazi. Ameteleza tu."

"Hauna mfupa, sawa. Ila unasema kile masikio yalicholishwa. Mji mzima unajua yule mwanamume ni wa Generosa, isipokuwa wewe unayebaki kumshonea mashati."

"Shangazi!"

"Nisikilize, mwanangu. Baba zako wadogo wamekaa, wamesema. Jumapili ijayo ni tangazo la tatu. Jilala awe amekaa kanisani, watu wamwone kwa macho. Asipokuwepo, ng'ombe wake wanarudishwa na maneno yanaisha. Hatuozi binti kwa mtu wa kwenye simu."

Jilala alikuwa Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, kwenye studio ya prodyuza anayeitwa Abel, na ilikuwa wiki ya pili hajarudi. Akipigiwa simu, alikuwa na haraka. Akituma ujumbe, ulikuwa mfupi. Nyuma yake, kila alipopokea, Febronia aliusikia wimbo ule ukipigwa, ukikatwa, ukianzishwa upya.

Hapa lazima niseme wazi, usije ukamwonea msichana wa watu bure. Wimbo ule ulikuwa wa Febronia.

Ulizaliwa barazani kwenye duka lake la ushonaji mwaka uliotangulia, siku za mvua. Jilala alikuwa manju mchanga, kiongozi wa ngoma kwenye sherehe za watu, na alikuja kushonesha sare za kundi lake. Cherehani ya Febronia ilikuwa ya miguu, tena ya zamani, yenye ugonjwa wake: ilikimbia hatua tatu, ya nne ikajikwaa. Febronia alitaka kumwita fundi airekebishe. Jilala akamshika mkono, ndiyo mara ya kwanza kumshika mkono, akamwomba asithubutu. Alikaa kwenye benchi akiupiga mdundo ule kwenye paja lake mpaka sare zikaisha, kisha akarudi siku iliyofuata bila kuwa na nguo ya kushonesha. Siku ya tatu alikuwa na maneno:

*Shona, Febronia, shona,*
*moyo umechanika, uzi unao wewe.*

Basi. Mengine yote yaliyofuata, barua ya posa, wazee kukaa, ng'ombe kupelekwa, yalianzia kwenye mistari ile miwili.

Lakini huku kwetu manju anakula kwa nyimbo za kuagizwa. Mtu ana sherehe yake, anataka jina lake liimbwe, la baba yake, hata la dume lake la ng'ombe, na manju analipachika. Mzee mmoja mnunuzi wa dhahabu wa Bulyanhulu alimwagiza Jilala wimbo wa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Generosa, na siku zilibaki tatu. Jilala hakuwa na wimbo mpya. Mzee alikuwa analipa kwa ng'ombe, na ng'ombe wa mahari ya Febronia walikuwa hawajatimia. Akaja dukani kuomba ruhusa, macho chini.

"Liweke tu jina lake," Febronia alimwambia, tena kwa kicheko. "Jina ni lebo. Gauni linabaki langu."

Ndiyo, alisema mwenyewe. Na kama hiyo haitoshi, gauni la kijani la sendofu ya Generosa alilishona yeye.

Kipande cha video ya sendofu kilichozunguka dunia ni cha sekunde kumi na moja. Generosa anatoka meza kuu peku, anafika mbele ya Jilala aliyeshika kipaza sauti, anaanza kukanyaga cherehani ambayo haipo, mikono ikisukuma kitambaa ambacho hakipo, anacheka. Nyuma yake mchumba wake, Enock, ameketi na soda yenye mrija mdomoni. Hanywi. Amenuna, na macho yake yanamfuata Jilala kushoto na kulia. Mgeni mmoja aliirusha mtandaoni. Kwa mwezi mzima walicheka watu wa Geita na Kahama peke yao. Kisha wauguzi wa Ufilipino wakaiiga kwenye korido ya wodi, mmoja anakanyaga, mwenzake amenuna na chupa ya dripu. Kibibi na kibabu wa Japani wakaiiga jikoni kwao. Mchezaji wa Brazili akafunga bao, akakimbilia kwenye kibendera akakanyaga cherehani, na beki wake akakaa kwenye nyasi amenuna na chupa ya maji. Mpaka paka! Paka wa watu, aliyenuna kwa asili yake, aliwekewa mrija.

Hakuna aliyejua maana ya neno shona. Jina walilijua wote. Walilipiga kelele kwa lafudhi za kila aina: Generosa! Na chini ya video, maelfu kwa maelfu, watu waliandika kwamba yule mwimbaji na yule dada wanapendana, tazameni macho yao, waozeshwe.

Febronia aliyatazama macho yale mpaka simu ikaisha chaji. Sekunde ya saba Jilala anatabasamu. Alilijua tabasamu lile. Lilizaliwa kwenye baraza yake, halikuwa la kumpa mtu.

Wivu ulimla. Alikosea vipimo, alichoma kola ya mteja kwa pasi, alimjibu vibaya muuza maandazi kwa sababu alikuwa anapiga mluzi. Watoto wakipita na mchezo wao wa kukanyaga na kununa, alifunga mlango saa nne asubuhi.

Hali ikawa hivyo mpaka Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo la tatu, saa nane mchana, Generosa mwenyewe alipoingia dukani.

"Mwadila, fundi," alisalimia, akivua miwani ya jua.

"Mwadila, dada. Karibu." Febronia aliinuka taratibu. Mtandaoni mtu huyu alikuwa mkubwa kama dunia. Hapa mlangoni alikuwa msichana wa kimo chake, mwembamba kuliko alivyokuwa kwenye sendofu, na vumbi la barabara kwenye viatu.

"Safari hii nataka gauni la harusi."

Febronia alifungua daftari lake la vipimo. "La nani?"

"La kwangu. La kwenye video. Wewe si ndiye unayelishonea kundi la Jilala? Nilidhani amekwambia. Abel anatengeneza video mpya, Jumatano. Naolewa kabisa, mwanzo mpaka mwisho. Kanisa, keki, wasimamizi, kila kitu."

"Unaolewa na nani?"

Generosa alimshangaa. "Na Jilala. Kwani anayeimba nani mwingine?"

Febronia alichukua tepu ya kupimia shingoni mwake ili mikono ipate kazi. "Na yeye amekubali?"

"Tangu Jumatatu, Abel anasema."

"Hana mchumba huyo kaka?"

"Hana. Ameulizwa redioni juzi, hukusikia? Akacheka tu."

Akacheka tu. Febronia aliizungusha tepu kwenye kiuno cha Generosa akaivuta kuliko ilivyohitajika. Inchi ishirini na nane. Akapima kifua, thelathini na sita. Akapima mgongo, bega, urefu. Kila namba aliyoiandika alikuwa anaijua kabla ya kuitazama, maana zilikuwa namba zake mwenyewe.

"Na Enock je?" aliuliza. Alitaka swali limuume.

Lilimuuma. Generosa alitazama ukutani. "Enock si aliniacha, fundi. Hujui? Kila akiingia kazini wenzake wanakaa chini wananuna. Wanaleta mirija kabisa. Mama yake akienda sokoni, hivyo hivyo. Akavumilia mwezi wa kwanza. Wa pili akaniambia, Generosa, mimi sikununa siku ile kwa sababu ya wivu, nilikuwa naumwa jino. Lakini sasa nina wivu kweli, maana kila mtu ananiambia ninao. Akaichukua pete yake."

"Pole."

"Nimeshapoa. Nani atanioa sasa? Mwanamume akinifikiria tu, anajiona amekaa kwenye kiti cha Enock." Alicheka, kicheko chembamba. "Basi nitaolewa kwenye simu. Angalau nivae shela siku moja."

Mwingine angemhurumia. Febronia, kusema kweli, hakumhurumia hata kidogo. Alisikia kitu kimoja tu katika maneno yale yote: kwamba mwanamke huyu yuko huru.

Simu yake ikalia mezani. Ujumbe wa Jilala. *Nimepita Kahama. Nakuja dukani moja kwa moja. Nina jambo zito la kukwambia.*

Aliusoma mara mbili. Jambo zito. Hakuna mwanamume anayekuja na jambo zito kuleta habari njema. Macho yake yakaenda pembeni, kwenye sanamu ya kuvalishia nguo iliyofunikwa shuka jeupe. Chini ya shuka lile lilikuwepo gauni lake la harusi, vifungo ishirini vya mgongoni vikiwa vimekamilika jana yake.

Shangazi Euphrasia alishamwonya: gauni la bibi harusi halitangulii kuvaliwa na mwili mwingine, na bwana harusi halitazami kabla ya siku. Febronia aliyakumbuka maonyo yote mawili. Kisha wivu ukamshauri, na ushauri wa wivu daima unaonekana una akili. Wazee walisema macho hayana pazia. Basi mwache Jilala aingie, amkute Generosa ndani ya shela, na yeye Febronia atasimama pembeni ayasome macho yake kabla hayajapata muda wa kudanganya. Kwenye video aliyaona kwa sekunde kumi na moja. Leo atayaona vizuri.

"Dada," alisema, na sauti yake ilimshangaza kwa utulivu, "kabla sijakata kitambaa, jaribu hili uone mtindo."

Shuka likaanguka. Generosa aliziba mdomo kwa viganja. "Mama yangu! La nani hili?"

"La mteja. Anaolewa mwezi ujao. Vipimo vyenu havina tofauti."

"Hatakasirika?"

"Namjua. Hana neno."

Alimvalisha mwenyewe, kifungo baada ya kifungo. Gauni lilimkaa Generosa kana kwamba lilikatiwa juu yake. Akamwekea shela kichwani, akaishusha usoni.

"Simama hapa, geukia dirishani. Usigeuke mpaka nikwambie, nataka kuona pindo la nyuma. Natafuta pini."

Kwa mbali pikipiki ilikuwa inakata kona ya soko. Febronia aliijua sauti yake. Alijaza pini mdomoni, akaingia kwenye kona ya kujaribia nguo, akavuta pazia na kuacha upenyo wa jicho moja.

Pikipiki ikazima. Hatua zikapanda barazani. Jilala akasimama mlangoni, jua lote likiwa mgongoni mwake, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Aliona gauni jeupe mbele ya dirisha, akashtuka, na papo hapo akainamisha kichwa, akatazama sakafu.

Febronia, nyuma ya pazia, hakuyaona macho aliyokuwa anayasubiri.

"Febronia," Jilala alisema.

Mabega yaliyokuwa ndani ya gauni yakakakamaa.

"Usigeuke, tafadhali. Najua sitakiwi kukuona na hilo gauni, na sikutazami, natazama miguu yangu. Na ni afadhali hivyo. Ukinigeukia nitashindwa kusema."

Generosa hakugeuka. Labda aliogopa, labda alishangaa tu.

"Nimekuwa mwongo wiki mbili zote. Redioni waliniuliza kama nina mtu, nikacheka. Abel alikuwa amekaa mbele yangu ananikonyeza. Kicheko kile sijakilalia usingizi mpaka leo. Walinitaka nimuoe Generosa kwenye video, na Jumatatu nikakubali. Nilijiambia ni mchezo, ni kazi, kama ulivyosema kuhusu jina. Lebo tu."

Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Juzi wakanivalisha suti tufanye mazoezi. Wakasema, simama hapa, sema: Mimi Jilala nakupokea wewe, Generosa, uwe mke wangu. Nikasema, mimi Jilala nakupokea wewe. Nikakwama. Tukarudia. Nikakwama. Tukarudia mara tano, Febronia, na wale vijana wa kamera wanacheka, wanasema manju mzima anasahau mstari mmoja. Sikusahau. Maneno yale nilikuwa nimeyaweka. Nikiyatumia kule, kwako nitakuja na nini? Jina lako nilishaligawa. Hayo siyagawi."

Nyuma ya pazia Febronia aliuma pini mpaka akaonja chuma.

"Nikavua suti. Nikamwambia Abel nina mchumba, tunatangazwa kanisani. Akasema sawa, yupo kijana Kahama ana sauti kama yangu, watamwimbisha yeye wimbo mpya na bibi harusi watatafuta mwingine. Huu wa kwanza nao umebaki kwao, nilishasaini. Kwa hiyo sina wimbo. Watu wataucheza dunia nzima na hakuna atakayejua ulitoka kwa nani. Nina ngoma zangu na harusi za watu za Jumamosi, kama zamani. Nimekuja kukuuliza kama bado unanitaka hivyo. Ukinitaka, kesho nakaa kanisani mbele ya baba zako. Usiponitaka, niambie nikiwa bado natazama chini."

Nje mtu alikuwa ananadi nyanya.

Msomaji, utadhani Febronia alifurahi. Alifurahi, ndiyo, moyo ulimpanda mpaka machozi yakamtoka yenyewe. Lakini ndani ya furaha ile ile wivu ukanyanyua kichwa na kumchoma kuliko siku zote. Kwa sababu maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa, maneno ambayo mwanamke anaambiwa mara moja katika maisha, yalikuwa yamesemwa kwenye mgongo wa Generosa. Tena. Na safari hii aliyepanga hakuwa manju wala mnunuzi wa dhahabu. Alipanga mwenyewe, akafunga vifungo mwenyewe.

Alitema pini kiganjani, akavuta pazia.

Jilala aliinua kichwa. Alimwona Febronia kwenye kona na kitenge chake cha kazini, akaona gauni dirishani, akapigwa na butwaa. Generosa akageuka polepole, akaipandisha shela. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Kaka Jilala," alisema. "Si mimi uliyenitafuta."

"Yesu wangu," Jilala alinong'ona, akarudi nyuma mpaka akagonga mlango.

Generosa hakumjali. Alikuwa anamtazama Febronia. "Kumbe mteja ni wewe."

"Ni mimi."

"Na mchumba ni huyu."

"Ndiyo."

"Ulinivalisha makusudi."

Febronia angeweza kusema uongo. Uongo ulikuwepo, mzuri, tayari mdomoni. "Makusudi," alisema. "Nilitaka nione atakavyokutazama."

Jilala alifungua mdomo kusema kitu. Wanawake wote wawili walimnyamazisha kwa mkono mmoja, bila kupatana.

"Nifungue," Generosa alisema. Akageuza mgongo.

Vifungo ishirini ni vingi. Febronia alivifungua kimoja kimoja, na kuanzia cha tatu alisikia mgongo ule ukitetemeka chini ya vidole vyake. Jilala alikuwa ametoka nje barazani, kwa adabu au kwa woga.

"Nisamehe, dada."

"Unajua nini, fundi?" Generosa alikuwa anaongea na dirisha. "Dunia nzima inaniita. Watu siwajui, lugha siijui, Generosa, Generosa, mchana na usiku. Na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia maneno kama yale. Niliposikia ameanza, nilijua si yangu. Nilijua tangu alipotaja jina. Nikanyamaza tu ili nisikie yote."

"Ningekuwa wewe ningenyamaza pia."

"Nakuonea wivu, Febronia. Nakuonea wivu mpaka naumwa."

Miezi mitatu Febronia alikuwa ameomba siku hii. Alikuwa ameiona usiku na mchana: Generosa mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, akimwonea wivu. Alidhani ingekuwa tamu. Alimfungua kifungo cha mwisho, akamsaidia kutoka kwenye gauni, akampa maji ya kunawa uso, na hakupata utamu wowote.

"Enock anakaa wapi sasa?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Yupo kwao Ushirombo. Kwa nini?"

"Hivi aliwahi kukwambia kitu mlipokuwa wawili tu? Kabla ya hiyo soda?"

Generosa alifikiri huku akivaa viatu. Aliinama muda mrefu kwenye kamba ya kiatu kuliko kamba ilivyodai. "Alikuwa na maneno machache," alisema mwishowe. "Ila aliwahi." Akavaa miwani yake ya jua, akachukua mkoba. Mlangoni alimpita Jilala aliyekuwa amejibanza kwenye nguzo ya baraza.

"Kaka, mwambie upya mwenzako," alisema. "Mimi yamenipita tu, kama gari la watu." Akashuka ngazi kwenda kutafuta bodaboda, na watoto watatu waliokuwa wanacheza barabarani wakamtambua, wakaanza kukanyaga na kununa. Aliwapita bila kucheka.

Jilala aliingia, akasimama mbali na meza. Gauni lilikuwa limelala juu ya cherehani, mikono yake inaning'inia. Febronia alijua atalifumua lote na kulishona upya, na kwamba shangazi Euphrasia hatakiwi kujua sababu.

"Umekasirika," Jilala alisema.

"Sana."

"Kwa lipi? Yapo mengi, nisije nikaomba msamaha kwenye lisilohusika."

"Kwa redio. Kwa Jumatatu. Kwa sekunde ya saba."

"Sekunde ya saba ya nini?"

"Unapomtabasamia."

Jilala alishika kichwa. "Febronia, pale ndipo mdundo unapojikwaa. Cherehani yako! Kila nikifika pale nakuona umekunja uso unaisema cherehani. Ndicho nilichokuwa nacheka."

Alimtazama kuona kama anadanganya. Safari hii macho yalikuwa mbele yake, hayakuinama, mekundu kwa vumbi na safari. Aliyatazama mpaka akatosheka, na hakutosheka haraka.

"Kesho misa ni saa moja," alisema. "Utakaa benchi la mbele, upande wa wanaume. Baba zangu wakuone mpaka wachoke."

"Nitakaa."

"Sasa rudia."

"Nirudie nini?"

"Yote. Kuanzia pale mlangoni."

"Si umeyasikia, mpenzi?"

"Nimeyasikia yakienda kwa mwingine." Sauti ilimkatika, akaiacha ikatike. "Kila kizuri chako kinapita kwake ndipo kinanifikia mimi. Haya nayataka mkononi mwangu. Nitazame, uyaseme. Anza na jina."

Jilala alisogea mpaka meza ikabaki katikati yao, kisha akaizunguka meza. Alikuwa na harufu ya vumbi na petroli, na mikono yake, iliyozoea kupiga ngoma mbele ya mamia ya watu, ilikuwa haijui pa kukaa.

"Febronia," alisema.

"Tena," alisema Febronia.